SOMO: HF ikinyamaza ghafla mchana, usipande kwenye bati kwanza, angalia jua

Habari zenu wakuu. Hili somo ni la wale mlio na redio za HF, yani masafa mafupi ya megahezi 3 mpaka 30 yanayofika mbali, uwe na leseni tayari au unasikiliza tu, sababu kila jua likichafuka naona watu wanaanza kufungua konekta, kukata waya wa antena upya, wengine wanapeleka redio kwa fundi, kumbe redio nzima kabisa na baada ya saa moja bendi ingerudi yenyewe bila kuguswa.

Kingine kilichonifanya niandike ni kwamba ushauri mwingi uliopo mtandaoni umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ya kaskazini, na sisi wa huku karibu na ikweta mambo yetu yamegeuka. Kinachowatesa sana wao sisi kinatupitia mbali kidogo, na kile wanachokiona cha kawaida sisi kinatupiga utosini. Nitaeleza.

Hatua ya 1: jua nini kinatokea huko juu

Mlipuko wa jua, wengine mnaita fleya, unatoa eksirei nyingi kwa mpigo. Eksirei zinakuja kwa spidi ya mwanga kwahiyo zinafika duniani baada ya dakika 8 na ushee, na hapa ndo watu hawaelewi, hakuna onyo la mapema, siku satelaiti inapoona mlipuko na wewe ndo unaupata dakika hiyo hiyo.

Zikifika zinagonga tabaka la chini la ionosfia (ile sehemu ya hewa ya juu yenye chaji za umeme), tabaka D, lile la kilomita 60 mpaka 90 hivi juu ya vichwa vyetu. Mawimbi ya HF yanaenda mbali kwa sababu yanapita hapo D, yanagonga tabaka F kule juu kilomita 250, 300 na zaidi, yanarudi chini. Siku za kawaida D inakula kidogo tu. Likishapigwa na eksirei linakuwa nene na kazi yake inakuwa kunyonya kama sponji, na kila mruko mmoja wa mawimbi unapita D mara mbili, kupanda na kushuka. Ukiwa Dar unaongea na mtu wa Muscat, karibu kilomita 4,000, mara nyingi ni miruko miwili, yani umepita kwenye hilo sponji mara nne.

Sasa shikeni hili maana ndo roho ya somo: unyonyaji unapungua kwa mraba wa frikwensi. Ukipanda kutoka megahezi 7 (bendi ya mita 40) kwenda 28 (bendi ya mita 10) umezidisha mara 4, kwahiyo unyonyaji umegawanywa kwa 16. Mlipuko unaokula desibeli 5 kwenye mita 10, ambayo haifiki hata alama moja ya S kwenye kipimo cha nguvu ya mawimbi cha redio, kule mita 40 unakula desibeli 80. Hapo hata uwe na ampifaya ya kilowati haikusaidii kitu.

Na inatokea upande wa mchana tu. Usiku eksirei hazikufikii, dunia yenyewe imekukinga.

Hatua ya 2: pima ukiwa hapo hapo kwenye kiti

Kabla ya simu kabla ya intaneti, sikiliza kelele ya redio yako. Hii ni dalili nzuri kuliko zote na ni ya bure. Mchana bendi ya mita 40 au 20 ina mvumo wake, ule mvumo pamoja na krachakracha za radi kutoka mbali, huku kwetu radi za Ziwa Viktoria hazikosekani. Hivo vyote vinakufikia kwa kupitia ionosfia. Mlipuko ukipiga na vyenyewe vinanyonywa, kwahiyo stesheni zinapotea NA kelele inashuka, redio inakuwa kimya kama umechomoa antena.

Ndo maana watu wanadhani antena imekatika. Fanya hivi, chomoa antena kweli. Kama mvumo uliobaki ukapungua zaidi, tuseme ile kelele ndogo ya chaja za jirani ikaondoka, basi antena yako inafanya kazi, rudisha. Kama hakuna tofauti yoyote kabla na baada ya kuchomoa, hapo kweli kagua kebo.

Kelele ikiPANDA hiyo ni hadithi nyingine, mara nyingi ni inveta, kontrola ya sola au chaja ya simu ya bei poa, sio mlipuko. Isipokuwa kuna kitu kimoja kizuri kukisikia: milipuko mingine inatoa redio yenyewe, unasikia "shhhhh" inapanda kwa sekunde kadhaa au dakika kisha inashuka, halafu bendi inakufa. Sio milipuko yote inafanya hivo lakini ukiisikia mara moja hutaisahau.

Alafu angalia mpangilio. Bendi za chini zinaanza kufa, mita 80, 40, 30, kisha 20, na mlipuko ukiwa mkubwa sana hata 15 na 10 zinaenda. Kurudi ni kinyume, 10 na 12 zinarudi kwanza, 40 inakuja mwisho kabisa. Antena mbovu haina mpangilio huo.

Hatua ya 3: hakikisha kwenye grafu

Ingia tovuti ya NOAA, shirika la Marekani la hali ya hewa na bahari, upande wa hali ya anga za juu, kitengo chao kinaitwa SWPC kipo Boulder, Colorado, fungua grafu ya eksirei ya satelaiti za GOES. Kuna herufi pembeni: A, B, C, M, X. Kila herufi ni mara kumi ya iliyo chini yake, kwahiyo M1 ni mara kumi ya C1, na X1 ni mara kumi ya M1. X haina mwisho, wa tarehe 4 Novemba 2003 ulipita uwezo wa kipimo cha satelaiti wakaja kuukadiria X28.

Kwa vitendo: C huisikii, endelea na mambo yako. M1 mpaka M4 unaweza kuona mita 40 imelegea mchana. M5 kwenda juu unapoteza dakika kadhaa hadi makumi ya dakika, hiyo wanaiita R2, kwenye ngazi zao za kuzimika kwa redio R1 mpaka R5. X1 ni R3, karibu saa nzima upande wote wenye jua. X10 ni R4, X20 ni R5 na hiyo ni masaa.

Kwenye tovuti hiyo hiyo kuna ramani inaitwa D-RAP, rangi zinaonyesha wapi unyonyaji umefika frikwensi gani. Utaona doa jekundu, na katikati ya hilo doa ni pale jua lilipo utosini. Sasa fikirieni wakuu, utosini ni wapi? Ni huku kwetu kwenye tropiki, kila mwaka, na kama ni kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana sisi ndo tupo katikati ya shabaha. Mtu wa Helsinki mwezi wa kumi na mbili jua lipo chini chini, mlipuko ule ule yeye anaupata nusunusu. SANSA, shirika la anga za juu la Afrika Kusini, nao wana kituo chao Hermanus kinachofuatilia hali hizi kwa Afrika, kiangalieni, lugha yao iko karibu na mazingira yetu.

Muda wa grafu ni UTC, saa ya pamoja ya dunia. Njia rahisi kwa anayesoma saa ya Kiswahili na yupo Afrika Mashariki: toa tatu. UTC 09 ni saa sita mchana, UTC 12 ni saa tisa alasiri. Usianze habari za kujumlisha tatu halafu kutoa sita, utachanganyikiwa bure.

Mfano wa kweli, tarehe 3 Oktoba 2024. Eneo la madoa ya jua namba 3842 lililipuka X9.0, kilele UTC 12:18, yani saa tisa na dakika 18 alasiri kwetu. Jua lilikuwa limeshaanza kuelekea magharibi lakini Afrika yote ilikuwa mchana, doa la D-RAP likakaa juu ya Afrika na Atlantiki ya kusini. Ukiwa na logi yako (daftari la mawasiliano) ya siku hiyo kaifungue uone.

Hatua ya 4: tumia bikoni

Hii ndo napenda. Kuna mtandao wa bikoni 18 dunia nzima, yani stesheni zinazotuma ishara zenyewe, wa NCDXF na IARU ambazo ni taasisi za wana-redio, zinapokezana kwenye megahezi 14.100 (mita 20), 18.110, 21.150 (mita 15), 24.930 (mita 12) na 28.200 (mita 10). Kila moja inapata sekunde 10 kwenye frikwensi, mzunguko mzima dakika 3. Inatuma jina lake kwa kodi ya Mosi (Morse) kisha dashi nne, ya kwanza wati 100, ya pili wati 10, ya tatu wati 1, ya nne wati 0.1. Kwenye orodha yumo 5Z4B wa Kenya, 4S7B wa Sri Lanka, ZS6DN wa Afrika Kusini, 4X6TU wa Israeli.

Wakati wa mlipuko kaa kwenye 14.100 usikie kimya, panda 21.150, panda 28.200. Pale unapoanza kusikia dashi hata moja ndo bendi yako ya kazi. Bendi ikianza kupona unasikia kwanza dashi moja, baadae mbili, baadae tatu. Ni kipimo kabisa na hujanunua kitu.

Hatua ya 5: sasa fanya nini

Panda juu. Watu wakikosa mawasiliano wanakimbilia kushuka mita 40 kwa mazoea, kwenye mlipuko huko ndo kuzimu. Panda 15, 12, 10. Kama hata 10 imekufa kunywa chai. Mawasiliano ya karibu hamia ripita (kituo kinachorusha upya) ya VHF, masafa yaliyo juu ya HF, mita 2 haitegemei ionosfia kwahiyo haiguswi.

Kama mna neti ya dharura, yani kundi la stesheni zinazokutana frikwensi moja, pangeni MAPEMA frikwensi mbili za mchana, ya kawaida na ya juu, na muda wa kujaribu tena kila nusu saa. Septemba 6, 2017 kimbunga Irma kikiwa kinapiga visiwa vya Karibi, jua lilitoa X2.2 saa UTC 09:10 na X9.3 saa UTC 12:02 siku moja. Neti ya vimbunga ya megahezi 14.325 ikavurugika siku ambayo ilihitajika kuliko siku zote.

Hatua ya 6: siku zinazofuata

Mlipuko mwingine unarusha na wingu la chembe, hilo linatembea siku moja hadi tatu. Likifika sumaku ya dunia inavurugika, ndo hizo Kp na G1 mpaka G5, vipimo vya ukali wa dhoruba ya sumaku. Hapa ndo tumegeuka na wazungu. Kwao dhoruba inaua bendi za juu siku nzima. Sisi tupo karibu na ikweta ya sumaku, inapita Ethiopia hapo, F yetu ni nene, kwahiyo njia za Dar kwenda India, Afrika Kusini au Brazili mara nyingi zinaendelea vizuri, na baada ya magharibi sauti zinaweza kutetemeka tu. Kinachokufa ni njia za kaskazini. Ukilenga California kutoka huku mawimbi yanakatiza Atlantiki ya kaskazini na Kanada, penye aurora (ile mianga ya angani ya kaskazini), hiyo sahau kwa siku mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Tanga: Mkuu mi sina HF, nina redio ya mbao tu nasikiliza AM mchana na FM. Inanihusu?

Mchana AM inatambaa ardhini, FM inaenda moja kwa moja, hutaona kitu. Ukiwa na shortwave ndo utaona stesheni za nje zinapotea.

Morogoro: Nina paneli nne za sola kwenye paa, mlipuko mkubwa hauwezi kuziunguza?

Hapana kaka, lala. Mwanga unaofika paneli haubadiliki kwa kiasi cha kuhisi. Ila hiyo kontrola yako naweka dau inakupigia kelele kwenye mita 40, weka ferraiti, vile vipande vya kuzuia kelele, kwenye nyaya zake.

Mombasa: Mzee wangu ana jahazi lina HF ya baharini, wanatumia sana kilohezi 8291. Wakipatwa na hii katikati ya bahari je?

Swali zuri. Mchana wakiita 8291 kimya wasiendelee kuita hapo hapo, wapande 12290, kisha 16420, hizo nazo ni za dharura kwa sauti. Kushuka 2182 mchana wa mlipuko haifiki mbali, inabaki ya vyombo vya karibu tu. VHF chaneli 16 iko salama, ila ni ya karibu.

Arusha: Kuna utabiri au tunakaa tu kusubiri?

Dakika kamili hakuna anayejua. SWPC wanatoa asilimia za uwezekano wa M na X kila siku. Kikubwa angalia madoa: eneo kubwa likijitokeza ukingo wa mashariki wa jua litatutazama wiki mbili hivi, na likiendelea kuwa hai linarudi, jua linajizungusha kwa siku 27 kwa jinsi tunavyoliona.

Arusha tena: Kwahiyo madoa mengi ni mabaya?

Hapana, madoa mengi ndo yanafungua mita 10 mchana kutwa. Milipuko ni kodi unayolipa.

Muscat: Assalaam alaykum. Nina skedi (miadi ya redioni) na ndugu yangu Unguja kila Ijumaa baada ya sala, mita 20. Tukikuta imekufa tusubiri au tuhamie?

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Muda huo ndo jua kali kwa wote wawili, njia nzima iko mchana, hakuna pa kukwepea. Nendeni megahezi 21 kwanza, mkikosa 28, mpeane dakika tano tano kila bendi. Na kumbuka wewe uko UTC+4 yeye UTC+3, pangeni kwa UTC msije mkalaumu jua kwa saa moja ya ukutani.