Namna ya kujua kwa nini mkoa mmoja unapanda na mwingine unashuka

Nafundisha Jiografia sekondari, huku Muheza. Nikiuliza darasani kwa nini Kilimanjaro imeizidi Tanga kipato, jibu halikawii: wenzetu wanajituma, sisi watu wa pwani tunapenda baraza. Porojo. Hapo zamani watu walitoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji kuja kutafuta kazi hapa hapa Tanga, na baraza zilikuwepo.

Kwa hiyo takwimu za mwaka huu ziweke kando kwanza. Chukua mikoa miwili, rudi nyuma miaka sitini au zaidi, kisha uliza kila mmoja ulikuwa unauza nini.

Tanga iliuza mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa imenusurika safarini. Katikati ya miaka ya 1960 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikaongoza duniani. Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa 1967 na uendeshaji ukayumba. Kufikia miaka ya 1990 hatukufikisha hata tani 40,000. Wengi huishia hapo: zao limekufa, mkoa umeshuka.

Wewe endelea, uliza hela ya zao ililala wapi. Hili ndilo swali ninalolithamini kuliko yote. Kwenye mkonge, shamba lilikuwa la mwenye mtaji. Manamba, yaani kibarua wa shambani, alipewa kipande, kadi ya siku thelathini za kazi. Siku asiyomaliza kazi haikuandikwa, na mshahara ulisubiri hadi kadi ijae. Alichobakiza alikipeleka kwao. Faida nayo ilikwenda kwa mwenye shamba. Tulibaki na korona, yaani mitambo ya kusindika mkonge, na reli.

Kilimanjaro kahawa ilikaa kihambani, shamba la kuzunguka nyumba, chini ya migomba, mali ya kaya yenyewe. Tangu 1933 waliuza kupitia KNCU, chama chao cha ushirika. Hela ikaingia nyumbani, ikawa bati, ikawa ada, na shule za misheni zilikuwepo tayari. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulipovunjika, bei ilianguka na kwao pia. Ila watoto walishasoma, wengine wana maduka Dar na Arusha. (Desemba kaa kando ya barabara uhesabu mabasi yanayorudisha watu kwao Moshi. Hela wanayokuja nayo, hicho nacho ni kipato cha mkoa.)

Baada ya hapo fuata njia. Mtwara na Lindi zina bahari na korosho, lakini reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza iling'olewa miaka ya 1960, na mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003. Mkulima ambaye lori linamfikia kwa tabu hana ubavu wa kubishana bei.

Sasa ndiyo ufungue takwimu, na ufungue kwa tahadhari. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa pato la mkoa kwa kila mtu: thamani ya kilichozalishwa mkoani, kugawa kwa idadi ya watu. Dhahabu ya Geita inahesabiwa Geita, hata kama faida inalala nje ya nchi. Hela aliyotuma kijana wa Dar kwa mama yake Rombo haimo kabisa. Ukitaka kujua watu wanaishije, linganisha na Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Mikoa miwili ikibadilishana nafasi kati ya orodha hizo mbili, chimba hapo.

Mwisho tafuta mzee aliyeyaona. Usimuulize kama maisha yalikuwa mazuri, atakuambia yalikuwa mazuri. Muulize baada ya kulipwa alinunua nini, kwa duka la nani, na mwenye duka alijenga wapi.