SOMO: Pasta ya kuku na krimu bila krimu kukatika

Wakuu, kila wikiendi naulizwa lile lile: "Mbona sosi yangu imekuwa chengachenga na mafuta yanaelea?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Watu wanne: pasta gramu 400, kidari nusu kilo, krimu ya kupikia mililita 250, siagi, kitunguu maji kimoja, punje 4 za kitunguu saumu, chumvi, pilipili manga.

1. Kata kidari vipande vinavyolingana, kikaushe, tia chumvi na pilipili manga. Ndimu hapana. Najua mkono unawasha.

2. Kaanga hadi kahawia, ndani pasiwe na wekundu. Toa. Kikaangio usikioshe.

3. Chemsha pasta kwa maji mengi yenye chumvi. Kabla ya kuchuja, chota kikombe cha maji yake.

4. Kaanga kitunguu maji, halafu saumu. Saumu ikiungua, anza upya.

5. Krimu. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Punguza moto uwe mdogo kabisa kabla hujamimina, si baada. Unayetumia mkaa, epua kwanza, funika makaa kwa majivu, ndipo urudishe. Krimu isiwe imetoka kwenye friji sasa hivi. Mimina huku unakoroga, kama unavyopunga tui zito. Ukiona viputo vidogo pembeni, inatosha, isichemke. Kitu chenye uchachu, iwe ndimu, nyanya au mtindi, kikikutana na krimu ya moto, inakatika kirahisi, hasa ile nyepesi. Na soma pakiti: yenye mafuta asilimia 35 inavumilia moto, nyepesi haivumilii. Ile ya kupambia keki ina sukari, iache dukani.

6. Rudisha kuku, tia pasta, legeza kwa yale maji, geuza. Chizi, kama unaweka, iingie ukishaepua.

MASWALI

Mdau wa Sinza: Mkuu, maji ya pasta namwaga?
— Hatua ya 3.

Mdau wa Mbagala: Nimefuata kila kitu, bado imekatika.
— Ndimu uliweka?
— Kidogo tu, kuondoa shombo.
— Basi hukufuata kila kitu.

Mdau wa Tabata: Samahani dada, hayo maji ya pasta yanafanya kazi gani hasa? Si ni maji tu?
— Swali zuri mdogo wangu. Pasta ikichemka inaachia wanga, ndiyo maana maji yanakuwa meupe. Wanga huo unafanya sosi iwe nzito, tena unashikanisha maji na mafuta yasiachane. Ndiyo sababu hata asiye na krimu anaweza kutumia maziwa: kaanga kijiko cha unga wa ngano kwenye siagi, mimina maziwa kidogo kidogo, koroga. Unga unayalinda yasikatike haraka.

Mdau wa Kigamboni: Kuku wa kienyeji je?
— Mchemshe kwanza hadi alainike, umchambue nyama. Supu yake usimwage, chemshia pasta humo. Tamu kuliko ya kidari, ila gesi utaisikia.

Mdau wa Tabata: Na tui la nazi badala ya krimu?
— Linakubali, tia na binzari kidogo. Chizi usiweke.

Mdau wa Sinza: Kiporo napashaje?
— Maziwa vijiko viwili, moto mdogo, koroga. Na safari hii soma hatua ya 5 yote.