Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwapeleka Watoto Kwenye Makumbusho ya Sayansi ya Kugusa na Kujaribu

Makumbusho mengi humtaka mtoto aweke mikono nyuma na atazame kwa macho tu, ilhali makumbusho ya sayansi ninayoyazungumzia hapa humtaka abonyeze, avute, apande, azungushe na hata alowane. Mtindo huu si wa jana. Deutsches Museum ya Munich, Ujerumani, iliyoasisiwa mwaka 1903, ilijijengea jina kwa mitambo ambayo mgeni aliiendesha mwenyewe, na mwaka 1969 mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua Exploratorium mjini San Francisco, Marekani, ambako karibu kila kitu kiliwekwa ili kishikwe na kuchezewa. Kwa kuwa mtoto huko hutumia mwili wake mzima, maandalizi ya safari hiyo hayafanani na ya kwenda kutazama mifupa ya kale ndani ya kabati la kioo.

Nunua tiketi mapema, kisha usome masharti yake hadi mwisho. Majumba mengi huingiza watu kwa saa maalumu, na mara nyingi chumba ambacho watoto wanakitamani zaidi kina utaratibu wake wa peke yake. Cité des enfants, sehemu ya watoto katika jumba la sayansi la Paris, hupokea wageni kwa awamu zenye muda uliopangwa na hutenganisha watoto wadogo na wale wakubwa. Tactile Dome ya Exploratorium, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambamo mgeni hutambaa gizani akiongozwa na viganja vyake tu, huhitaji nafasi iwekwe mbali na tiketi ya kawaida. Ukifika bila kulijua hilo, utabaki mlangoni ukimbembeleza mtoto anayelia.

Chagua siku kwa kufikiria makundi ya shule. Asubuhi za katikati ya juma wakati shule zimefunguliwa, kumbi hujaa wanafunzi waliokuja kwa mabasi, lakini wengi wao huwa wameondoka alasiri, na hapo mtoto wako hupata kifaa bila kusukumwa. Ikiwa mtoto hulemewa na kelele au mwanga, uliza kama jumba lina saa tulivu. Science Museum ya London, kwa mfano, huwa na asubuhi zilizotengwa kwa familia za aina hiyo, zikiitwa Early Birds, na majumba kadhaa huazimisha vizuia kelele vya masikioni kwa anayeomba.

Mavazi: viatu vya kufunika vidole, suruali, nywele zilizofungwa, na pasiwe na skafu wala kamba inayoning'inia karibu na magurudumu yanayozunguka. Beba nguo za kubadilisha, pamoja na soksi, kwa sababu meza ya maji haimwachi mtoto mkavu.

Chakula hakiruhusiwi karibu na vifaa. Kuleni kabla ya kuingia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningetamani mtu angeniambia mapema, nalo ni afya ya mtoto na kila kifaa cha umeme alichovaa au alichowekewa mwilini.

Mpwa wangu alikuwa na miaka minane. Alizaliwa hasikii, na akiwa mdogo alipandikiziwa kifaa cha kusikia: sehemu moja imo ndani, chini ya ngozi nyuma ya sikio, na sehemu nyingine, ambayo ni kichakataji cha sauti, huvaliwa nje na kushikiliwa na sumaku ndogo. Dada yangu alinikabidhi mwanawe siku hiyo nikiwa na watoto wangu wawili, na aliniusia jambo moja tu, kwamba kifaa kisilowane. Nililizingatia kwelikweli. Kwenye meza ya maji nilimvua kichakataji, nikakifunga ndani ya kimfuko, nikamvalisha tena alipokwisha kujifuta, na nikajiona nimemaliza wajibu wangu.

Alasiri tuliingia katika ukumbi wa umeme, ambako mwelekezi alikuwa akionyesha mtambo wa Van de Graaff. Mtambo huo umepewa jina la Robert Van de Graaff, mwanafizikia Mmarekani aliyeonyesha mfano wake wa kwanza mwaka 1929, na kazi yake ni kubeba chaji ya umeme kwa mkanda unaozunguka hadi kwenye tufe la chuma, chaji ikajikusanya hapo mpaka ikafikia volti laki kadhaa. Mkondo wake ni mdogo mno, ndiyo maana mtoto mwenye afya anaweza kulishika tufe akiwa amesimama juu ya kigoda cha plastiki; nywele zake husimama kwa sababu kila unywele umepata chaji ya namna moja na mwenzake, na chaji za namna moja hufukuzana. Mwelekezi alitangaza kwamba yeyote mwenye kifaa cha umeme mwilini au sikioni asijitokeze. Aliyatamka hayo kwa kipaza sauti katikati ya watoto wanaopiga mayowe. Mpwa wangu hakuyapata, na mimi nilikuwa nimeinama nikitafuta simu ndani ya mkoba ili nimpige picha. Bango lenye onyo hilohilo lilikuwa mlangoni, nami nilikuwa nimelipita.

"Mjomba, niende?" aliniuliza, nami nikampisha mbele.

Nywele zilisimama, watu wakapiga makofi, na alipokuwa akishuka kigodani cheche ikaruka kutoka kwenye kidole chake. Alirudi ameshika sikio. "Mjomba, sauti imekatika," akasema. Nilibadilisha betri mara mbili bila mafanikio. Ilikuwa Jumamosi. Kliniki yake ilifunguliwa Jumatatu, na akapata nafasi ya kuonwa Jumatano, ambapo mtaalamu alikuta kwamba sehemu ya ndani ilikuwa salama, ila mpangilio wa sauti uliohifadhiwa ndani ya kichakataji ulikuwa umeharibika, akaupakia upya. Kwa siku nne mtoto aliishi katika ukimya, akisoma midomo ya watu, na alikosa masomo. Dada hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini sikumpigia simu kabla ya kumwachia.

Kwa hiyo, siku kadhaa kabla ya safari, keti na mzazi wa kila mtoto utakayemchukua, hata kama ni ndugu yako wa damu, umwulize: ana kifaa gani, kinaogopa nini, na ni nani wa kupigiwa simu kikizima? Yaandike majibu. Kisha ulipigie jumba lenyewe na uulize ni maonyesho yapi yana umeme tuli (ule wa chaji iliyojikusanya, kama wa tufe lile), sumaku kali au taa za kumetameta. Vichakataji vya siku hizi vimekingwa vizuri zaidi kuliko vile vya zamani, lakini anayeweza kukuhakikishia hilo ni kliniki au mtengenezaji, si muuza tiketi. Umeme tuli haupo kwenye tufe la Van de Graaff peke yake. Vitelezo vya plastiki na madimbwi ya mipira huuzalisha kwa msuguano, na hapo pia mvue mtoto kichakataji kabla hajapanda. Mweleze kila kitu kabla ya kukivua, kwa sababu kikishavuliwa hatasikia maelezo yako. Tena tofautisha kutazama na kushika: katika Museum of Science ya Boston upo mtambo mkubwa uliojengwa na Van de Graaff mwenyewe katika miaka ya 1930, na radi zake watu huzitazama wakiwa wamekaa mbali.

Sumaku nazo zinahitaji uangalifu wa namna hiyo. Mtu mzima mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, mtoto mwenye pampu ya insulini, na mtoto aliyewekewa mrija wa kupunguza maji kichwani wasizisogelee meza za sumaku kali kabla ya kumwuliza daktari, kwa kuwa baadhi ya vali za mirija hiyo hurekebishwa kwa sumaku na zinaweza kubadilika bila mtu kukusudia. Bibi au babu aliyekuja kuwasindikiza wajukuu asisahaulike katika hesabu hii.

Kwa mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga, mimweko kati ya 3 na 30 kwa sekunde ndiyo inayotajwa zaidi kuwa ya hatari, na taa zinazotumika kuonyesha matone ya maji kana kwamba yamesimama hewani zinaweza kuangukia humo. Uliza ziko wapi na upange njia isiyopita hapo.

Kuhusu kupotezana: kubalianeni mahali pa kukutania mara tu mnapoingia, mchague kitu kikubwa kisichohamishika, na umwonyeshe mtoto sare ya waelekezi. Namba yako ya simu iandikwe mkononi mwake. Kwenye mahandaki ya kutambaa, mtu mzima mmoja abaki kwenye mlango wa kutokea kabla mtoto hajaingia.

Usipange kuona kila kitu. Chagua kumbi mbili au tatu, na mtoto akikwama kwenye mpira unaoelea juu ya mkondo wa hewa kwa nusu saa, mwache. Anapouinamisha mkondo ule na kuona mpira haudondoki, anafanya kazi ambayo jumba lilijengwa kwa ajili yake. Usimsomee kibao cha maelezo kabla hajagusa. Wala usimwahidi kifaa fulani kwa jina, maana vitu vinavyoshikwa na maelfu ya mikono huharibika, na siku mtakayofika huenda hichohicho kimefunikwa kwa turubai.

Mkirudi nyumbani, tarajia kwamba watataka kurudia walichokiona. Zungumza nao njiani, kabla hamjafika: umeme wa ukutani si umeme wa tufe, kwa kuwa mkondo wake unaua, naitrojeni ya kimiminika iliyogandisha ua mbele yao ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri na hushikwa na waliofunzwa, sumaku ndogo zenye nguvu zikimezwa mbili hubana utumbo na kuutoboa. Kagua mifuko ya nguo kabla ya kuondoka, kwa sababu watoto wadogo hubeba vipande bila nia mbaya, na ukague pia kwamba kila kilichovuliwa kwenye meza ya maji, miwani, kichakataji na hata pampu, kimerudi kwa mwenyewe.