Una visa ya kazi Uingereza na watoto? Soma hii kabla hujagusa fomu ya Child Benefit

Niko likizo nyumbani Mamboleo na wiki hii pekee manesi watatu wamenijia na swali moja, ati tukifika Uingereza na watoto si tunaanza kulipwa ile pesa ya watoto ya serikali, Child Benefit? Wote wameambiwa hivyo kwa semina za maajenti hapa Kisumu, vile tu na mimi niliambiwa, na mmoja wao tayari ameiweka kwa bajeti ya nyumba. Mimi ilinigharimu pauni 519.60 na miezi ya kulala na wasiwasi, ndio maana naandika.

Jibu ni hapana. Ukiwa na visa ya Skilled Worker, ama hii ya Health and Care Worker ambayo manesi wengi tunaenda nayo, huwezi kudai Child Benefit, wala Universal Credit (msaada wa mapato madogo), wala Housing Benefit (msaada wa kodi ya nyumba). Mume au mke aliyekuja kwa visa ya kukufuata pia hawezi. Mtoto akizaliwa hukohuko bado ni vile vile kwa sababu wanaangalia visa ya mzazi anayedai, hawaangalii mtoto. Na usidanganyike na payslipu, unakatwa kodi na National Insurance, mchango wa bima ya jamii, kila mwezi kama Mwingereza yeyote, inaniuma mpaka leo, lakini kukatwa peke yake hakukupi haki ya kudai. Hii iko kwa sheria yao ya uhamiaji ya 1999, kifungu cha 115.

Kitu cha kwanza kufanya, hata kabla hujapanda ndege, ni kufungua akaunti yako ya eVisa na kusoma masharti yako mwenyewe. Zile kadi za ukaazi za BRP zilifika mwisho tarehe 31 Desemba 2024 kwa hivyo sasa kila kitu kiko mtandaoni. Ukiingia utaona umeruhusiwa kazi gani, mpaka tarehe gani, halafu kuna laini inasema huwezi kudai public funds, yaani misaada ya pesa za umma. Piga picha hiyo laini, iweke kwa simu. Watu wengi wanaingia hapo kutoa tu share code, ile namba ya kuthibitisha visa yako, ya mwajiri na ya landilodi wanatoka, mimi niliitoa kama mara nne na sikuwahi kusoma kilichoandikwa kwenye akaunti.

Sasa fomu yenyewe, na hapa naomba usome polepole. Nilifika na watoto wawili, na kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 Child Benefit ilikuwa pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na 17.25 kwa kila anayefuata, hiyo ilikuwa 43.30 kwa wiki, na ukiwa umepanga nyumba ambayo kodi inameza karibu nusu ya mshahara hizo si pesa kidogo. Kuna dada wa Kakamega tulikuwa wodi moja, yeye alikuwa analipwa, akanionyesha mpaka meseji za benki. Nikajaza. Kuna mahali fomu inauliza kama wewe ni mtu aliye subject to immigration control. Mimi nikaisoma nikaelewa wanauliza kama niko na shida na uhamiaji, kama natafutwa, kama nimekaa kupita visa, nikajiambia mimi karatasi zangu ziko sawa kabisa, nikajibu hapana. Hilo swali halimaanishi hivyo. Linamaanisha kama unahitaji visa kukaa nchini na huna, ama kama visa yako ina sharti la kutodai pesa za umma, na sisi wote wa visa ya kazi jibu letu ni ndiyo. Ukijibu ndiyo kwa ukweli utaona mwenyewe hakuna haja ya kuendelea.

Kwa vile watoto wamezaliwa Kenya, HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza inayolipa hiyo pesa, wakaitisha birth certificate na pasipoti zao, orijino, kwa posta. Nikatuma nikiwa natetemeka. Pesa ikaanza kuingia, 173.20 kila wiki nne, ikaingia mara tatu. Halafu siku moja kwa lanchi nikamwambia yule dada asante, akaniuliza, kwani mume wako ana pasipoti ya hapa? Mume wake ni Mwingereza. Yeye ndiye anayedai kwa jina lake, na hiyo inaruhusiwa, kwa sababu mwenye kudai hana sharti kwenye visa. Sisi nyumbani kwetu wote wawili tuko na sharti. Nilihisi miguu imeisha nguvu.

Kama tayari umeingia kwa shimo hilo, usinyamaze. Kunyamaza kwako ndiko kutakumaliza siku ya kurenew visa, maana kuvunja sharti ni sababu ambayo Home Office, wizara yao ya uhamiaji, wanaweza kutumia kukukatalia. Piga simu HMRC upande wa Child Benefit, waambie wafunge dai, eleza ulijibu swali vibaya na ueleze kwa nini, na uandike tarehe na saa uliyopiga. Omba barua inayoonyesha jumla unayodaiwa. Mimi niliomba kulipa kidogo kidogo wakakubali. Barua zote weka kwa faili moja na risiti za malipo, usitupe hata bahasha. Na kabla hujaandikia Home Office chochote, ongea na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, ama anza na Citizens Advice ambao ni bure. Usiulize ajenti wa hapa, yeye kazi yake iliisha ulipopanda ndege.

Lakini msikate tamaa, kuna haki ambazo hazihesabiwi kama public funds na watu wanaziogopa bure. Hospitali ya NHS na shule ya serikali ni zenu. Kwa England mtoto wa miaka 3 na 4 anapata masaa 15 ya nasari bila malipo kwa wiki wakati wa shule, kuanzia muhula unaofuata akishafikisha 3. Zile masaa 30 za wazazi wanaofanya kazi ndizo hamgusi kama wote wawili mna sharti. Akiingia Reception, darasa la kuanzia shule, mpaka Year 2, chakula cha mchana shuleni ni bure kwa kila mtoto. Ukipata mimba, malipo ya uzazi kutoka kwa mwajiri ni haki yako: wiki 39, sita za kwanza asilimia 90 ya wastani wa mshahara, lakini lazima uwe umefanyia huyo mwajiri wiki 26 mfululizo ukifika wiki ya 15 kabla ya kujifungua. Mkunga atakupa fomu ya MATB1 ya kuthibitisha mimba, usiiache kwa droo, peleka kwa mwajiri. Kama wiki hazikutosha, uliza Maternity Allowance, malipo ya uzazi kutoka serikalini, hiyo pia unaruhusiwa. Na kama umetangulia peke yako unaishi pekee kwa nyumba, kuna punguzo la asilimia 25 kwa council tax, ile kodi ya nyumba ya halmashauri, la mtu anayeishi pekee, hilo chukua. Ile nyingine ya kupunguziwa kwa sababu ya mapato madogo, Council Tax Reduction, usiguse.

Kwa mnaojiandaa sasa, pigeni bajeti kama hiyo pesa ya watoto haipo duniani. Mkiomba visa, familia ya wazazi wawili na watoto wawili inaonyesha akiba ya pauni 2,070 iliyokaa benki siku 28 bila kushuka, isipokuwa mwajiri amethibitisha kwa certificate of sponsorship, hati yake ya udhamini, kwamba atawasimamia kwa gharama za maisha, na hiyo muulize kwa maandishi, ikiwemo kama amehesabu familia ama ni wewe tu. Birth certificate za watoto zilingane na pasipoti herufi kwa herufi, hilo malizeni Huduma Centre mkiwa bado hapa.

Siku mmoja wenu atapata ruhusa ya kuishi bila kikomo, yeye ndiye ajaze ile fomu kwa jina lake, na ajaze wiki hiyo hiyo, kwa sababu Child Benefit hulipwa nyuma miezi 3 pekee.