Kampuni ya Mtwara kuwekeza Msumbiji: hatua kwa hatua, kuanzia BRELA hadi gawio lirudi nyumbani

Mwongozo huu ni wa kampuni ndogo au ya kati ambayo tayari inafanya biashara Mtwara au Lindi, ina hesabu zilizokaguliwa, na inataka kuweka mtaji wake ng'ambo ya Ruvuma. Hauwahusu wachuuzi wanaovuka na marobota mawili na kurudi jioni. Hatua nyingi hapa ni nyepesi nami nitazipita upesi. Hatua ya 4, ya kuingiza mtaji, ndiyo inayoamua kama faida yako itarudi kihalali au itakwama huko. Hiyo isome mara mbili kabla ya kutuma hata dola moja.

Hatua ya 1: Chagua mlango wa kuingilia

Mifano ya makampuni ya nchi zinazoinukia kwenda kuwekeza nje iko hapa hapa kwetu. Dangote ya Nigeria ilijenga kiwanda kipya Msijute, chenye uwezo wa tani milioni 3 za saruji kwa mwaka, kikaanza kazi mwaka 2015. Pertamina ya Indonesia haikujenga kitu: ilinunua sehemu kubwa ya hisa za Maurel & Prom ya Ufaransa, na kwa ununuzi huo ikawa mmiliki mkuu wa kampuni inayoendesha visima vya gesi vya Mnazi Bay. Wanunuzi wa korosho ghafi wa India na Vietnam, wengi wao, huingia mnadani kwa mawakala na maghala ya kupanga bila kujenga kiwanda. Watanzania nao wametoka: Bakhresa anasaga unga Msumbiji na nchi nyingine jirani, na Amsons ilinunua Bamburi Cement ya Kenya mwaka 2024.

Kwa kampuni ya ukubwa tunaouzungumzia, ushauri wangu ni mmoja: uza kwanza kupitia msambazaji wa huko kwa msimu mmoja au miwili, kisha fungua kampuni tanzu ndogo ya aina ya *sociedade por quotas* (ile inayoandikwa Lda mwishoni), na upange ghala. Usijenge. Usifungue tawi la kampuni mama pia, kwa sababu deni la tawi ni deni lako moja kwa moja, na mdai wa Pemba (mji mkuu wa Cabo Delgado huko Msumbiji, si kisiwa chetu) anaweza kuifuata mali yako ya Mtwara.

Na usimweke mwenyeji "wa jina" kwenye hisa. Wapo wanaoshauri hivyo mpaka leo. Sheria ya Msumbiji inaruhusu mgeni kumiliki asilimia 100 katika biashara nyingi, kwa hiyo huna sababu. Mtu uliyemwandikia asilimia 51 ili "kurahisisha" ndiye mwenye kampuni mbele ya mahakama, hata kama hakuweka senti, na mkataba wa pembeni mliouandika kwa Kiswahili hautakuokoa.

Kwa wabanguaji wa korosho kuna jambo moja la kupima. Msimu wa kaskazini mwa Msumbiji unaangukia karibu miezi ile ile ya kwetu, kuanzia Oktoba. Anayedhani atahamisha mtaji huo huo kutoka mnada wa Mtwara kwenda kununua Nampula atakuta fedha zinahitajika pande zote mbili kwa wakati mmoja. Na anayedhani atanunua ghafi kule aisafirishe tu ajue kuwa korosho ghafi inayotoka Msumbiji hutozwa ushuru mzito, ambao sheria yao iliuweka kati ya asilimia 18 na 22, makusudi kuwalinda wabanguaji wa ndani. Hesabu inayolipa huko ni ya kubangua, si ya kusomba.

Hatua ya 2: Nyaraka za upande wa Tanzania

Unahitaji cheti cha usajili, katiba ya kampuni, taarifa mpya ya wakurugenzi na wanahisa kutoka BRELA (msajili wetu wa makampuni), azimio la bodi linalotaja jina la kampuni mpya, kiasi cha mtaji na mtu aliyepewa mamlaka ya kusaini, pamoja na nakala za hati za kusafiria. Zithibitishwe na mthibitishaji, zipite Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Msumbiji Dar es Salaam. Tafsiri ya Kireno ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa, na bora awe wa kule kule zinakokwenda nyaraka, kwa sababu msajili anamtambua. Tafsiri ya programu ya simu hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa, neno moja baya kwenye madhumuni ya kampuni linaweza kukunyima leseni.

Kinachorudisha mafaili mengi ni majina. BRELA imeandika "Saidi Mohamedi", hati ya kusafiria inasema "Said Mohamed", na azimio la bodi limeongeza jina la babu. Sisi tunasoma mtu mmoja. Msajili wa Msumbiji anasoma watu watatu. Sahihisha BRELA kwanza, ifanane na hati ya kusafiria herufi kwa herufi, ndipo uanze kuthibitisha. Ukigundua baada ya ubalozi kugonga mhuri, unaanza upya na unalipa upya. Kumbuka pia kuwa fomu za Kireno huuliza majina ya baba na mama wa kila mwanahisa, hali yake ya ndoa, na utaratibu wa mali katika ndoa hiyo. Andaa majibu hayo mapema.

Hatua ya 3: Usajili

Hifadhi jina kwa msajili (*Conservatória do Registo de Entidades Legais*), saini katiba, sajili, chukua namba ya mlipakodi inayoitwa NUIT, kisha leseni kupitia dirisha la huduma za pamoja, BAÚ. Katiba hutangazwa kwenye *Boletim da República*, gazeti lao la serikali. Kwa Lda hakuna kiwango cha chini cha mtaji kwenye usajili wenyewe. Tumia mwanasheria wa Pemba au Nampula, kutegemea biashara itakapokuwa. Wa Maputo atakutoza safari, na Maputo iko mbali na Mtwara kuliko Nairobi.

Hatua ya 4: Kuingiza mtaji

Kanuni ni fupi: faida inayoruhusiwa kutoka Msumbiji ni ile inayotokana na mtaji uliosajiliwa Benki Kuu yao, *Banco de Moçambique*, kuwa uwekezaji kutoka nje. Usajili hufanywa kupitia benki ya biashara, ndani ya siku 90 tangu fedha kuingia. Usiposajili, kampuni yako itafanya kazi, italipa kodi, itapata faida, na siku ukiomba kutuma gawio benki itakuuliza namba ya usajili wa mtaji. Huna. Hapo ndipo watu huanza kubeba dola mfukoni kupitia kivuko cha Kilambo, na huo si mfumo wa biashara.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Kampuni isajiliwe kwanza na ipate NUIT. Akaunti ya benki ifunguliwe kwa jina la kampuni hiyo. Ndipo fedha zitoke kwenye akaunti ya kampuni ya Mtwara, ambayo ndiyo mwanahisa, ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni mpya. Mtumaji awe yule yule aliyeandikwa kwenye katiba kuwa mwanahisa. Mkurugenzi akituma kutoka akaunti yake binafsi kwa kuwa "ndiyo ilikuwa na dola", benki ya kule itaona mtumaji asiyefanana na mwanahisa, na fedha hizo hazitahesabiwa kuwa mtaji wa kampuni yako. Vivyo hivyo fedha zilizotangulia kwenye akaunti ya rafiki wakati kampuni haijapata akaunti: hazisajiliki.

Kwenye fomu ya kutuma, sehemu ya sababu ya malipo iandikwe *capital social* (yaani mtaji wa hisa) na jina kamili la kampuni inayopokea. Usiandike "biashara", usiandike "msaada", usiandike namba ya ankara. Chagua gharama zote zilipwe na mtumaji. Ukiacha zigawanywe, benki za njiani zitakata chao: umetuma dola 50,000, zimefika pungufu, na katiba inasema mtaji ni sawa na 50,000 kamili. Upungufu wa dola 40 unatosha kusimamisha faili. Kwa kuwa mtaji kwenye katiba huandikwa kwa metical, fedha ya Msumbiji, na kiwango cha kubadilisha hupanda na kushuka, mimi hupendelea kuandika kiasi cha chini kidogo ya kile kitakachofika, na ziada ielezwe kwenye azimio kuwa ni nyongeza ya mwanahisa.

Mkopo wa mwanahisa kwa kampuni yake, unaoitwa *suprimentos*, ni njia nzuri kwa sababu hurudishwa bila kusubiri faida. Lakini mkopo kutoka nje nao una taratibu zake za fedha za kigeni. Andikeni mkataba wenye kiasi, muda na riba, na mpeleke benki kabla fedha hazijatoka Mtwara. Mkopo ulioelezwa baada ya fedha kuingia ni vigumu sana kuusafisha.

Mashine pia ni mtaji. Mtambo wa kubangua au mashine ya kufungasha inaweza kuhesabiwa, ila nyaraka ya forodha, *Documento Único*, lazima ibebe NUIT ya kampuni yenyewe na thamani inayolingana na ankara. Mashine iliyovushwa mapema kwa jina la dereva, kampuni ikiwa bado haijasajiliwa, si mtaji wa kampuni. Ni mzigo wa dereva.

Kabla ya kutuma, ulizia benki ya kule maswali matatu kwa maandishi: kima cha chini cha uwekezaji kinachotoa haki ya kuhamisha faida ni kipi kwa sasa, nani kati yako na wao atawasilisha maombi ya usajili, na nyaraka gani za Tanzania wanazitaka kwa Kireno. Kama meneja wa akaunti hawezi kukujibu la pili, tafuta benki nyingine. Baada ya fedha kufika, dai uthibitisho wa kuingia kwa fedha za kigeni. Usikubali taarifa ya akaunti peke yake.

Upande wetu, benki ya Mtwara itafuata Kanuni za Fedha za Kigeni za mwaka 2022. Peleka azimio la bodi, hesabu zilizokaguliwa, uthibitisho wa kutodaiwa kodi kutoka TRA, na katiba ya kampuni mpya. Taja wazi kuwa Msumbiji ni nchi ya SADC. Matawi mengi ya huku kusini hayajazoea uwekezaji wa kwenda nje ya nchi. Yamezoea malipo ya kuagiza bidhaa. Ukiacha karani akajaza fomu kama malipo ya bidhaa, TRA na forodha watakuja kukuuliza bidhaa ziko wapi.

Hatua ya 5: Watu

Kampuni kubwa inaruhusiwa wafanyakazi wageni asilimia 5 tu, ya kati asilimia 8. Kwa hiyo peleka msimamizi mmoja na mhasibu. Wengine ajiri huko huko. Kuingia bila viza kwa matembezi hakukupi ruhusa ya kufanya kazi. Mchango wa hifadhi ya jamii, INSS, ni asilimia 7 ya mshahara: 4 za mwajiri na 3 za mfanyakazi. Pwani ya Cabo Delgado utaelewana kwa Kiswahili na Kimwani, na bara kwa Kimakonde, lakini mkataba wa kazi uwe wa Kireno.

Hatua ya 6: Mzigo

Una njia mbili za nchi kavu. Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720 lililofunguliwa Mei 2010, ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Mtwara mjini kupitia Masasi na Mangaka. Kilambo ni karibu zaidi, ila unategemea kivuko na kina cha maji ya Ruvuma. Kwa lori lenye mzigo mzito nachagua Mtambaswala kila mara, na nauliza hali ya barabara ya ng'ambo, Negomano hadi Mueda, kabla masika hayajaanza. Kwa mzigo wa Nampula au Nacala, linganisha na bei ya meli kabla ya kusaini na mwenye lori.

Cheti cha uasili wa bidhaa cha SADC kichukuliwe kabla lori halijaondoka. Bila hicho, bidhaa za matumizi ya kawaida zinaweza kutozwa ushuru hadi asilimia 20, na juu yake VAT ya asilimia 16. VAT utailipa hata ukiwa na cheti, kwa hiyo iweke kwenye mahitaji ya fedha za kuanzia. Wakala wa forodha awe mwenye leseni ya Msumbiji.

Usalama usiupuuze. Mashambulizi ya Cabo Delgado yalianza Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, na Palma ilivamiwa Machi 2021. Bima nyingi za mzigo na ghala hazifidii uharibifu wa vita na ugaidi mpaka ununue nyongeza. Soma ukurasa wa mambo yasiyofidiwa kabla ya kulipa.

Hatua ya 7: Gawio

Piga hesabu ya kodi kabla ya kuweka bei. Faida ya 100 inatozwa kodi ya kampuni asilimia 32, inabaki 68. Gawio linapotoka linakatwa kodi ya zuio asilimia 20, yaani 13.6. Mkononi zinafika 54.4. Tanzania na Msumbiji hazina mkataba wa kuepusha kodi mara mbili, kwa hiyo hakuna nafuu ya zuio hilo. TRA inatambua kodi iliyolipwa nje ikiwa una ushahidi, hivyo dai cheti cha zuio mwaka ule ule, wala usingoje kukaguliwa.

Kutuma gawio, benki itataka hesabu za mwaka, muhtasari wa mkutano wa wanahisa ulioidhinisha gawio, uthibitisho wa kutodaiwa kodi wa Msumbiji, risiti ya zuio, na ile namba ya usajili wa mtaji. Anza kuomba uthibitisho wa kodi mapema, kwa kuwa una muda wa kuisha, na ukiisha kabla benki haijapata dola za kukuuzia, utaombwa mwingine.