Mambo ya kuzingatia kabla ya kuigiza wazimu wa Ophelia na Lear mjini Lamu

Kikundi kinachotaka kuigiza wazimu wa tamthilia za kale za Shakespeare mara nyingi huanzia kwenye nywele. Zinatimuliwa, shati linavaliwa nje ndani, macho yanakodolewa, watu wanacheka. Basi hapo Ophelia wa Hamlet, mfalme Lear wa King Lear na Lady Macbeth wa Macbeth wamekuwa mtu mmoja, na mtu huyo hayumo katika tamthilia yoyote kati ya hizo.

Kabla ya kugawa nafasi, tengeni wazimu na wazimu. Hamlet anajitia: anawaambia wenzake mapema kwamba huenda akajifanya mwehu. Ophelia amepotewa kweli, baada ya baba yake kuuawa na mtu aliyempenda. Lady Macbeth ametulia anapokuwa macho. Siri inamtoka usingizini. Lear anavunjika polepole, kwa hasira, ubaridi na aibu, na kibandani mwake nyikani wamo pia Edgar anayejifanya kichaa ili asikamatwe, na chale ambaye upuuzi ni kazi yake. Pembeni mwa kila ukurasa wa mazoezi andikeni: ni nani anayesema kwamba huyu ana wazimu, na anapata faida gani kwa kusema hivyo? Claudius, kwa mfano, mfalme aliyemuua baba yake Hamlet, anafaidika sana Hamlet akiitwa mwendawazimu.

Kisha maneno. Mwehu, kichaa, mwendawazimu, punguani, majinuni, aliyerukwa na akili: hakuna mawili yaliyo sawa. Majinuni limetoka katika Kiarabu na lina jini ndani yake, na ndilo jina aliloachiwa Majnun, mpenzi wa Laila, ambaye Nizami alimtungia utenzi wake wa Kifarsi mwaka 1188. Mkilitumia kwa Ophelia, hadhira ya Lamu itasubiri mwalimu aje kumsomea. Si kosa, lakini liwe ni jambo mlilolichagua. Mpeni kila mhusika neno lake moja na alishike hadi mwisho.

Sasa jambo ambalo vikundi vingi hulipita, nalo ndilo zito kuliko yote. Shakespeare haonyeshi wazimu kwa mavazi kwanza. Anauonyesha kwa lugha. Wahusika wake wakubwa huzungumza kwa beti zenye vipimo, na akili ikiyumba vipimo vinavunjika. Lady Macbeth akitembea usingizini anasema maneno ya kawaida yaliyokatikakatika, bila ubeti. Ophelia anachanganya nyimbo na maneno matupu. Lamu hiyo ni mali, maana hapa masikio yamelelewa kwa vina na mizani. Makbeth, tafsiri ya Kiswahili ya S. S. Mushi, ilitoka mwaka 1968, mnaweza kuanzia hapo. Vipande vya Hamlet na King Lear jipangeni kuvitafsiri wenyewe. Mkitafsiri, wapeni wenye akili timamu mizani 16, nane kwa nane: "Baba yangu kaondoka, nyumba yetu ina giza." Akishapotewa, mstari uanze sawasawa kisha uanguke njiani: "Baba yangu kaondoka, nyumba... haya maua nani kayanyausha?" Mzee aliyeketi nyuma kabisa, asiyeona hata uso wa mwigizaji, atajua kuna kitu kimekatika. Tengeni wiki mbili za mazoezi ya kusoma tu, mmeketi mkekani, kabla ya mtu yeyote kusimama. Kinachoharibika hapa ni kwamba mwigizaji anapenda mapigo ya ubeti, anauimba hata pale unapotakiwa kuvunjika. Mpigieni kofi la mezani mizani inapokatika mpaka azoee.

Nywele hazikosi nafasi yake, lakini. Chapa ya kwanza ya Hamlet, ya mwaka 1603, inamtaka Ophelia aingie akipiga ala ya nyuzi iitwayo lute, nywele zimeachiliwa, akiimba. Ala yenyewe ni mtoto wa udi, kwa umbo na kwa jina. Hivyo kumpa Ophelia wa Lamu udi mkononi si ujanja wa kupendeza wenyeji. Ni kumrudishia chombo chake. Uzi mmoja ulegezwe kwa makusudi kabla ya kuingia. Nywele za msichana hapa ni jambo jingine, na hakuna haja ya ugomvi na wazazi wake: ushungi ulioteleza bila mwenyewe kuurudisha, na kiatu kimoja mguuni, vinatosha.

Maua yake pia yafikiriwe. Anagawa rozmari kuwa ukumbusho, maua ya mawazo, shamari, na mmea mchungu ambao jina lake la Kiingereza ni pia neno la majuto. Urujuani, anasema, ulinyauka wote siku baba alipokufa. Mkimpa asumini peke yake, ukumbi utanukia harusi. Rozmari kule Uingereza ilitumika arusini na mazikoni, kwa hiyo kinachoikaribia hapa ni rehani, inayotiwa katika vikuba na kuwekwa makaburini. Mafungu sita yanatosha, yakatwe alasiri ya siku ileile. Rehani iliyolala hubadilika rangi. Mengine anaweza kuyagawa kwa mkono mtupu. Hadhira ikiona hayapo, inamwelewa zaidi.

Kwa Lady Macbeth, ondoeni beseni na rangi nyekundu. Katika onyesho lile hakuna maji wala damu. Anasugua mikono mikavu, na mtumishi wake anasema amewahi kumwona akiendelea hivyo robo saa nzima. Macho yawe wazi, yasimtazame mtu. Ameagiza awe na taa karibu daima, na mshumaa hautadumu dakika mbili kwenye upepo wa pwani: tumieni kandili yenye kioo kizima, mafuta robo tu, mbali na makuti. Daktari wa mfalme anakiri ugonjwa umemshinda, kwamba anahitaji mtu wa dini kuliko tabibu, na hapo mtasikia ukumbi ukinong'ona kukubali. Msikate mstari wake unaofuata. Anaamuru aondolewe kila kitu anachoweza kujidhuru nacho na asiachwe bila wa kumwangalia. Ndiyo huduma ya kwanza bora kabisa katika tamthilia nzima.

Kwa Lear, bati moja refu lililoning'inizwa kwa kamba linatosha kuwa radi. Hatari iko kwa Edgar. Anajiita Tom wa Bedlam, jina la mtaani la Bethlem, hospitali ya London iliyoanzishwa mwaka 1247, na watu wa wakati ule waliwajua ombaomba wa aina hiyo. Mwigizaji wetu ataona upesi kwamba Kenya ina neno lake, Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910, na atatia utani wa "huyu katoroka Mathari". Ukataeni mazoezini, siku ya kwanza. Edgar hachekeshi, anatetemeka kwa baridi akiogopa kuuawa, na mbele yenu wameketi watu wenye ndugu waliolazwa.

Mahali: ua wa Ngome ya Lamu, kwa idhini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ngome ilikamilika mwaka 1821 na ilikuwa gereza hadi 1984, kwa hiyo kuta zimefanya nusu ya kazi. Zinarudisha sauti, msipaze kupita kiasi. Anzeni saa mbili na nusu, baada ya Isha, na muwe mmeshaagana na manahodha wa kuwarudisha watu wa Shela. Epukeni Ramadhani na siku za Maulidi. Jenereta iwe nje ya ukuta.

Miezi ni ya kaskazi, Desemba hadi Machi. Kusi huleta mvua za masika, kisha upepo unaokula maneno. Hamlet mwenyewe anasema wazimu wake ni wa upepo wa kaskazini-kaskazini-magharibi tu. Ukivuma kutoka kusini anajua kutofautisha mwewe na msumeno. Kaskazi yetu hutoka kaskazini-mashariki, lakini tafsirini "kaskazi" bila haya: hapa kila nahodha ataucheka mstari huo mahali panapostahili.

Kabla ya taa kuzimwa, mtu mmoja atangaze kwamba kuna habari za mtu kujiua. Kifo cha Ophelia tunakisikia tu: malkia anasema tawi lilivunjika, wachimba kaburi wanabishana kama anastahili mazishi ya dini. Mabishano hayo mtaulizwa barazani kesho yake, na wazee hawatauliza kwa mzaha. Mtu mzima mmoja akae karibu na mlango bila kazi nyingine yoyote, awe na maji na simu yenye chaji, kwa yule atakayetoka nje katikati ya onyesho.