Mnaachana? Anzeni na madeni, nyumba itafuata

Watu wakianza kugombania mali za ndoa wanaanzia kwenye nyumba na gari, madeni yanaibuka mwishoni kila mtu kashachoka, na hapo ndo mmoja anabebeshwa mzigo wa wawili. Mi nashauri kinyume, chukueni daftari muandike madeni kwanza. (Naongelea Tanzania bara, Zanzibar na Kenya wana utaratibu wao.)

Andika yote, mkopo wa benki, saccos, kikoba (kikundi cha kuweka hisa na kukopeshana), mikopo ya simu, kausha damu (ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa), ada ya watoto inayodaiwa, hata lile deni la duka la hardwea mlilokopa mabati. Pembeni ya kila deni weka vitu vitatu: nani alisaini, nani mdhamini, na hela ilienda wapi. Hilo la hela ilienda wapi ndo kila kitu, maana kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaitaka mahakama iangalie madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote wawili. Mkopo uliopaua nyumba ni wenu hata kama kasaini mume peke yake, ila hela iliyoishia kwenye kubeti au kwa mchepuko aliyekopa apambane nayo mwenyewe. Shida ni kuthibitisha, so kusanya mapema meseji, risiti, miamala ya simu na taarifa za benki, usisubiri mpaka mmeshanuniana.

Na hapa ndo wengi wanaumia. Benki haijali mlichokubaliana nyie wawili. Mkisema mume atalipa mkopo wa saccos ambao mke ndo kasaini, jamaa akiacha kupeleka marejesho watamfuata mke, basi. Kwa hiyo madeni madogo bora muuze kitu kimoja, pikipiki au hata friji, myamalize kabla ya kugawana chochote, na yale makubwa aliyesaini deni ndo achukue na mali inayoendana nalo. Kama wewe ni mdhamini, nenda uombe utolewe kwa maandishi, ahadi ya mdomo ya mwenzio haikusaidii siku wakija kukamata vitu.

Sasa nyumba. Msigawane kwa bei ya kichwani, tafuteni mthamini, alafu toeni deni lililobaki juu yake. Tuseme nyumba ina thamani ya milioni 60 na benki bado inadai 18, mnachogawana ni 42 sio 60, na kama mmekubaliana nusu kwa nusu anayebaki na nyumba na deni lake anampa mwenzie 21.

Nusu kwa nusu lakini haiji yenyewe. Sheria inasema mahakama ielekee kwenye usawa, ila baada ya kupima mchango wa kila mmoja, uwe wa hela, mali au kazi, pamoja na mahitaji ya watoto. Mama wa nyumbani naye anahesabika, Mahakama ya Rufani ilisema hivyo 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, japo Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu sababu ilionekana hela ya mradi aliyopewa na mumewe aliitapanya. Kiwanja ulichonunua kabla ya ndoa ni chako, ila kama mwenzio kakiendeleza kwa kiasi kikubwa na yeye ana haki yake hapo. Mali mlizoandika jina la mama mkwe au shemeji ni kichefuchefu kingine, bila karatasi za mauziano na mashahidi utahangaika sana.

Unahofia mwenzio atauza? Kifungu cha 59 kinakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenza, lakini usikae kimya ukategemea kifungu, kaweke zuio la mauzo kwa msajili wa hati za ardhi, na kama kiwanja hakina hati mtaarifu mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa barua na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri.

Utaratibu ni kuanzia baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la dini, wakishindwa kuwapatanisha wanawapa hati ya kwenda nayo mahakamani, na mahakama ya mwanzo inatosha kabisa, sio lazima uanzie juu. Waislamu, talaka ikishatoka mgawanyo wa mali bado unaupeleka mahakamani. Na hata mkielewana vizuri pelekeni makubaliano yenu yaingizwe kwenye hukumu, karatasi ya nyumbani mtu anaikana kesho asubuhi.

Hisa za kikoba msizitoe katikati ya mzunguko mkala hasara, andikeni tu saivi kwamba kikoba kikivunjwa nani anapokea kiasi gani, alafu mpe katibu wa kikundi nakala.